Fisi Aliyezoea Kibuyu

Paukwa!
Pakawa.
Mmeingia wote?
Tumeingia.
Na mlango?
Umefungwa.

Basi aliyebaki nje shauri yake. Wewe mwenye kikohozi, sogea huku, usije ukanikoholea mahali patamu.

Paliondokea bibi mmoja, Bi Mashavu, na vifaranga wake walioanza kuota manyoya ya kiburi. Mchana walichakura uani, jioni wakagoma kuingia bandani. Mmoja alilala juu ya mlimau, mmoja kwenye kuni, mwingine chini ya mtungi. Na Fisi alikuwa akipita. Kila alfajiri Bi Mashavu alikuta manyoya tu.

Akaona watakwisha. Akawafungia bandani siku kadhaa, wakala humo, wakanywa humo, wakalala humo, mpaka banda likawa kwao. Ndipo akaanza kuwatoa alasiri. Jua likitaka kuzama, alimwaga mabaki ya jikoni ndani ya zizi kuukuu la mbuzi, kisha akatikisa kibuyu cha mtama: chakacha, chakacha. Vifaranga mbio bandani, pi pi pi pi, mlango kwaa.

Wote isipokuwa Kishingo. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote, shingo haina hata unyoya mmoja, na kila jioni wenzake walimsukuma akaingia wa mwisho. Siku moja walimsukuma mno, mlango ukafungwa, yeye yuko nje. Akageuka. Fisi huyo hapo, pu, mguu mgongoni.

Kishingo aliogopa hata sauti ikamkauka. Akili haikumkauka. Akamwambia Fisi kwamba yeye ni mfupa na manyoya machache, na hata hayo shingoni hayapo. Ndugu zake ndio wenye minofu, naye angeweza kumfundisha namna ya kuwafanya wamfuate wenyewe.

"Wanifuate mimi?" akauliza Fisi.

"Hukuona Bibi alivyotufanya? Tulikula mahali pamoja, wakati uleule, kibuyu kikilia. Sasa kikilia tu, miguu yetu inakwenda yenyewe. Na wewe, kibuyu kikilia, ingia zizini ukae, ndugu zangu wazoee harufu yako. Wakizoea, watakufuata humo."

Fisi akakubali, ila kwa sharti. Kishingo asimame mlangoni pa zizi kila jioni, na ndugu wasipokuja, ataliwa yeye.

Basi kibuyu chakacha, chakacha, Fisi zizini. Humo akakuta vichwa vya samaki na mifupa, akatafuna: kwachu, kwachu. Kesho yake chakacha, chakacha, Fisi zizini, kwachu, kwachu. Kesho kutwa vivyo hivyo.

Kishingo alisimama mlangoni, macho kwenye kijiti. Mlango ule wa magogo ulikuwa umeinama, na kijiti ndicho kilichouzuia usijifunge. Lakini Fisi alikuwa mwoga wa milango. Kichwa alikiingiza, mkia akauacha nje. Mlango ungembana mkia tu, na mwenye mkia angegeuka. Kishingo akangoja, na kungoja kule kulimkondesha.

Jioni moja Fisi akaja amekunja uso.

"Ndugu zako siwaoni," akasema. "Leo siingii. Leo nakula wewe."

Akamkandamiza chini, akafungua kinywa. Kishingo aliyaona meno yote mpaka ya nyuma, akajua amekwisha.

Chakacha, chakacha.

Mate yakamdondoka Fisi. Akajiambia asiende.

Chakacha, chakacha.

Mguu uleule uliomkandamiza Kishingo ukanyanyuka wenyewe. Ukapiga hatua. Wa pili ukafuata. Kikaingia kichwa, likaingia tumbo, ukaingia mkia, kwachu, kwachu.

Kishingo akakidonoa kijiti. Ngo. Hakikutoka. Ngo. Kule ndani kutafuna kukanyamaza. Ngo. Pwaa! Mlango ukajifunga, komeo likaangukia mahali pake.

Bi Mashavu akapiga yowe, majirani wakaja na magongo. Kesho yake ngozi ya Fisi ilianikwa juu ya banda, na tangu hapo vifaranga walimpisha Kishingo aingie wa kwanza.

Hadithi yangu imeingia bandani, nami mlango nimeufunga.

Mnataka funzo? Haya. Fisi ndiye aliyefundishwa akafundishika kuliko wote. Hakuchelewa hata jioni moja, na ngozi yake mmeiona. Kishingo alichelewa, akapona. Kwa hiyo, wajukuu zangu, msiwe wasikivu sana, na mkiitwa kula msikimbilie. Kaeni kwanza mfikiri.

Mnaisikia hiyo sufuria? Ni shangazi yenu anaigonga kwa mwiko.

Mbona mmesimama wote?