Mbuzi wa Usingizi wa Nakiete

Hapo zamani, si zile zamani za fisi na sungura, ni zamani hizi za karibu ambapo mashine ya kusaga ilikuwa bado inakunywa dizeli, katika mji mmoja mdogo chini ya milima ya Upare aliishi mama aitwaye Nakiete. Mama huyu hakuwa na shida yoyote duniani isipokuwa usingizi. Watoto walikuwa wamekua na kuondoka. Shamba lilikuwa dogo. Miguu haikumuuma. Kwa miaka thelathini alikuwa akiingoja siku atakayolala mpaka saa moja asubuhi bila mtu kumwita, na siku hiyo ilipofika tu, mume wake akajiunga na kikundi cha matarumbeta cha kanisa.

Mume huyo aliitwa Togolai, mstaafu wa reli. Kikundi kilimpa tarumbeta aende nalo nyumbani akajifunze. Siku ya kwanza alilipuliza saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya choo. Kisha akaingia ndani, midomo imevimba.

"Mama Eliamani, umenisikia?"

Nakiete, kwa adabu tu, kama mtu anavyosifia chai ya ugenini, akasema, "Umepiga vizuri, Baba Eliamani."

Hapo ndipo alipokosea. Togolai akapuliza kesho yake. Akapuliza kesho kutwa. Akahama kule nyuma ya choo, akasogea chini ya dirisha la chumba cha kulala, ili mkewe asikie vizuri zaidi. Wimbo ulikuwa mmoja, na ndani ya wimbo huo kulikuwa na sauti moja ya juu ambayo hakuifikia hata siku moja, wala hakuacha kuikimbilia.

Miezi minane ikapita hivyo. Nakiete akatia chumvi kwenye chai. Akasinzia msibani, akakoroma, na wafiwa wakamshukuru kwa kulia kwa uchungu. Siku moja alimfunga mbuzi wake kamba shingoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akashinda akishangaa kwa nini mbuzi anamfuata jikoni.

Sasa, katika mji huo kulikuwa na shirika dogo liitwalo Tua Mzigo. Lilianzishwa na manesi wastaafu waliochoka kuona watu wazima wakipanga foleni kuomba dawa ya kichwa, kumbe kinachowauma ni ndugu zao. Mlangoni waliandika: Ushauri nasaha kwa watu wazima. Lipa ulichonacho. Watu wakalipa mayai mawili, au chane ya ndizi, au bakuli la maharage. Chumba walipewa bure na Mbonea, mwenye mashine ya kusaga, na kilikuwa kimeshikana na mashine, ukuta mmoja.

Utasema hapo si mahali pa kutolea ushauri. Ndipo penyewe. Mashine ikinguruma, mtu aliweza kukiri dhambi zake zote pale ndani na nje pasisikike kitu. Kwa hiyo ushauri ulitolewa saa za kusaga tu, na kila aliyekwenda alizoea kusema kwa kupiga kelele. Watu walitoka mle na mioyo myepesi na sauti zimekauka, na wakiulizwa walisema wametoka kwaya.

Nakiete akaenda na bakuli lake la maharage. Mshauri wake alikuwa Bi Namsifu, nesi wa zamani, mwanamke mwenye subira ya kutisha.

"Shida ni nini, dada?" Bi Namsifu akapaza sauti.

"Silali."

"Nani anakuamsha?"

"Mume wangu. Ana tarumbeta."

"Na wewe unamwambiaje?"

"Namwambia amepiga vizuri."

Bi Namsifu akaandika. Alhamisi ya pili akauliza tena, "Na wewe unamwambiaje?" Nakiete akajibu, "Namwambia amepiga vizuri." Alhamisi ya tatu, vilevile.

"Lakini kwa nini humwambii ukweli?"

"Huyu mtu amefanya kazi reli miaka thelathini na mitano," Nakiete akasema, koo linamkwaruza. "Hakuna bosi hata mmoja aliyewahi kumwambia amefanya vizuri. Mimi ndiye wa kwanza. Sasa nimnyang'anye?"

Siku hiyo alitoka amechoka kabisa, akaketi kwenye benchi la nje, mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi, akasema, "Jamani, atakayenirudishia usingizi wangu, nitampa Mweupe, mbuzi wangu, na mimba yake humohumo." Foleni nzima ikasikia. Mbonea, aliyekuwa mlangoni akijipangusa unga usoni, naye akasikia.

Alhamisi ya nne Bi Namsifu aliweka kiti kitupu katikati ya chumba.

"Huyu ni Togolai. Mwambie."

Nakiete akakitazama kiti. "Amepiga vizuri," akakiambia.

Bi Namsifu akatoka, akarudi na faneli ya kumiminia dizeli, akaiegemeza kwenye kiti, mdomo mpana ukimwelekea Nakiete. Kumbe ndicho kilichokuwa kimekosekana. Nakiete alipouona mdomo ule wa bati, miezi minane ikampanda kwa pamoja. Akasimama. Akavuta pumzi mpaka gauni likabana.

Na sekunde hiyohiyo, upande wa pili wa ukuta, mashine ikazimwa.

"Togolai, nakupenda," Nakiete akapiga kelele, "lakini tarumbeta lako linalia kama ndama aliyekaliwa na mama yake, na ile sauti ya juu hutaipata hata siku ya kufufuliwa."

Wanawake kumi na mmoja wakashikilia madebe yao. Kisha mmoja nje akasema, "Amina."

Nakiete akaketi. "Nimekufa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Umefanya kazi nzuri sana leo," akasema Bi Namsifu.

Katika foleni ile alikuwamo Nanzia, jirani wa Nakiete, mwanamke ambaye habari ikilala kwake huamka imezaa. Nanzia aliiacha nafasi yake ya pili kwenye foleni, jambo ambalo hakulifanya hata mkwewe alipoanguka kutoka juu ya paa. Akapanda kilima mbiombio. Akamkuta Togolai barazani akilisugua tarumbeta kwa majivu, akamweleza kila neno.

Nakiete naye akarudi nyumbani. Njia ya nusu saa aliitembea kwa saa tatu. Alisalimia watu wote, aliuliza hali ya kuku wa watu. Alikuwa akiwaza jambo moja tu: mzee wa watu, kitu pekee alichosifiwa maishani, na sasa foleni ya mahindi inakijua. Kama ni kuchagua kati ya kulala na kumvunja moyo mume wake, alikuwa tayari kuamka alfajiri mpaka azikwe.

Akamkuta ameliweka tarumbeta magotini.

"Nanzia alikuja," Togolai akasema.

"Najua."

"Ni ndama kweli?"

"Ni ndama, Baba Eliamani."

"Aliyekaliwa na mama yake."

"Nisamehe. Ndivyo lilivyo."

Togolai akashusha pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kulipulizia tarumbeta lile. "Mke wangu, mimi nalichukia hili dude. Meno ya mbele yanacheza. Siku ile ya kwanza niliingia ndani kukuambia nalirudisha. Ukasema nimepiga vizuri. Nikajiambia, mama huyu kapika miaka thelathini, na kama kuna kitu kinamfurahisha, basi nitaamka."

Nakiete akamtazama. Alitaka kulia, na alitaka kumchapa mwiko. Mwishowe akaingia ndani, akalala, na hakuamka mpaka kesho yake saa nne. Alipoamka tarumbeta lilikuwa limesharudi kanisani.

Hadithi ingeishia hapo, kama si mbuzi.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, Nakiete alisikia sauti chini ya dirisha. Bi Namsifu alikuwa amewahi ili awatangulie wengine. Mbonea naye alikuwa amewahi ili amtangulie Bi Namsifu. Nanzia alikuwepo tangu saa kumi.

"Mbuzi ni wa shirika," Bi Namsifu akasema, akipaza sauti kwa mazoea. "Alhamisi nne nimekaa naye. Maneno yale nimeyachimba mimi. Bila kile kiti na ile faneli, angekuwa bado anasifia."

"Faneli ni yangu," akasema Mbonea. "Na chumba ni changu. Isitoshe, mlimpa kiti, na kiti hakimfikishii mtu habari nyumbani. Ningeiacha mashine ingurume, maneno yale yangefia mlemle. Nilizima mimi."

"Ulizima kwa sababu mkanda ulichomoka," akasema Nanzia.

"Mkanda ule una wiki mbili unachomoka. Kwa nini nilizima dakika ile?"

"Kwa nini?"

Mbonea akafikiri. "Ulichomoka," akakubali. "Lakini niliona yule mama anavuta pumzi, dirishani pale, na sikuharakisha kuurudisha."

"Mimi ndiye niliyebeba," Nanzia akasema. "Kilima chote kile."

"Umetoa siri ya chumba cha ushauri," Bi Namsifu akamkaripia.

"Mimi sikuwa chumbani, nilikuwa kwenye mahindi. Na sikuongeza neno. Muulizeni Baba Eliamani. Mnajua mimi kutoongeza neno kunanigharimu nini? Mpaka leo tumbo linaniuma."

Togolai akatoka na shuka mabegani. "Na mimi je? Tarumbeta amelirudisha nani?"

"Wewe mbuzi yuko zizini kwako," wakamwambia wote.

"Nataka awe wangu kwa haki."

Wakabishana mpaka jua likapanda. Kesho yake wakarudi, saa ileile. Na kesho kutwa. Bi Namsifu alikuja na daftari lake, Mbonea na mkanda wa mashine uliochomoka, Nanzia na mashahidi kumi kutoka kwenye foleni. Mweupe alikuwa karibu kuzaa, na tumbo lilionyesha mapacha, maana yake mgogoro ungezidi.

Na ndani, kitandani, Nakiete alikuwa macho. Alijifunika mto kichwani. Akakumbuka kwamba uwongo ule wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe, na hao wote chini ya dirisha hawangekuwepo kama angesema ukweli siku ile ya kwanza. Kisha akakumbuka pia kwamba ndama yule aliyekaliwa alitoka kinywani mwake, si mwa mtu mwingine, na akajiuliza kama mtu anaweza kujishindia mbuzi wake mwenyewe.

Asubuhi ya tano alifungua dirisha. "Mtasikia jibu Alhamisi," akawaambia. "Nitauliza watu." Akafunga.

Basi, watu wenyewe ni ninyi mnaonisikiliza. Kuna aliyeyachimba maneno, kuna aliyeyafungulia njia, kuna aliyeyabeba bila kuyaongeza, kuna aliyeyasikia akaacha kupuliza, na kuna aliyeyasema. Mbuzi ni mmoja, na leo ni Jumatano. Je, nani alistahili? Jibuni. Ila mkipata jibu, msimpelekee kabla ya saa moja asubuhi.