Siku ya Tatu ya Zambarau

Paukwa! Na nyie wa kule nyuma, nataka kuwasikia. Pakawa! Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale palikuwa na jiwe kubwa. Juu ya jiwe aliishi Pimbi na mama yake mzee. Chini ya jiwe palikuwa na mzambarau, na humo aliishi kindi, Bi Kuchakuro.

Mwaka huo mzambarau ulizaa. Wanyama wakala, wakala, wakala, ndimi zikageuka rangi. Bi Kuchakuro naye alikula, lakini nyingine aliziweka kando. Aliwaza kiangazi. Kiangazi kikija majani hukauka na matumbo huchafuka. Kiangazi kilichopita mama yake Pimbi aliharisha hadi akashindwa kusimama, na zambarau kavu za Bi Kuchakuro ndizo zilizomwinua.

Zambarau huanikwa siku tatu kamili juu ya jiwe la moto. Jiwe lilikuwa moja tu, nalo la Pimbi. Bi Kuchakuro akaenda kuomba. Pimbi akakubali, akasogea kivulini.

Siku ya kwanza, jua waa! Zambarau zikanywea. Siku ya pili, jua waa! Zikakunjamana. Asubuhi ya siku ya tatu Pimbi akatoka akijikuna. Mnawajua pimbi: bila kuota jua hawajioni wazima.

"Jirani, ondoa vitu vyako. Tangu juzi mgongo wangu haujapata joto."

"Bado leo tu, Bwana Pimbi. Nikizitikisa hazilii."

"Zilie, kwani zimefiwa? Mimi naziona zimekauka."

Bi Kuchakuro akazitikisa tena kiganjani. Zambarau iliyokauka hulia kacha kacha. Hizi zilikuwa kimya. Alijua. Lakini jiwe si lake, na kugombana na jirani hakutaka. Akazitia kwenye kibuyu, akakiziba mdomo kwa nta, akaondoka. Pimbi akajinyoosha juu ya jiwe, tandaa.

Kiangazi kikaja. Mama yake Pimbi akaharisha siku moja. Akaharisha siku ya pili. Pimbi akashuka mbio hadi kwenye mzambarau.

"Bi Kuchakuro, mama hajiwezi. Nipe zile zambarau."

Bi Kuchakuro akabandua nta. Harufu ikatoka kwanza. Akamimina. Zikaanguka bwata, bwata, zimeshikana, zimeota ukungu mweupe.

Pimbi akauliza kama zinaosheka. Akaambiwa hapana. Akauliza kama kuna kibuyu kingine. Akaambiwa hakuna.

"Nilijua zina maji ndani," Bi Kuchakuro akasema. "Nilikuonea haya."

"Uliniambia," Pimbi akasema. "Nikakufanyia mzaha."

Kesho yake mama akafa.

Mwaka uliofuata Pimbi mwenyewe alipanda mzambarauni, akachuma, akaanika. Siku ya tatu akazitikisa, zikalia kacha kacha. Hakujua ampe nani.

Basi wanangu, na nyie wazazi wao, nasema wazi: chakula cha akiba kipewe siku zake zote. Anayeona kazi haijaisha aseme, na arudie kusema. Anayeombwa siku moja aitoe.

Yangu ni hayo, nimeyafikisha mwisho.