Kibuyu Kilichokosa Mnywaji

Sogeeni, wajukuu. Kunjeni miguu, tegeni masikio.

Zamani hizo, zamani iliyoizaa zamani, mawe yakiwa bado mabichi, palikuwa na kijiji cha Namikunda, na hapo Namikunda aliishi mjane aitwaye Nantende. Alilima mihogo michungu. Ile, wanangu, ukiila hivihivi, kesho tunakula wali wa matanga yako. Sharti uivundike majini siku kadhaa, sumu itoke. Ikitoka inakwenda wapi? Enhe! Inabaki majini. Ndiyo maana wanawake wa Namikunda walivundika mashimoni, mbali na bwawa, na maji yake wakayamwaga kwenye mchanga mtupu.

Lakini mashimo yalinuka. Harufu ikamfuata Jumbe Litunu mpaka barazani, akiwa katikati ya kuamua mambo makubwa. Jumbe akapiga mbiu: mihogo yote ivundikwe bwawani, kule wanakokunywa mbuzi!

"Jumbe wetu," akasema Nantende, "mbuzi si watadhurika?"

"Umeambiwa uvundike," akafoka Akida, msaidizi wa Jumbe. "Nani kakwambia ufikiri?"

Basi akavundika. Wakavundika wote. Mbuzi wakanywa. Mbuzi wa nani? Wa Jumbe! Wakayumba, wakapiga magoti, wakalala moja kwa moja.

Baraza likaketi. Likakohoa. Likakohoa tena, maana jambo lilikuwa zito. Kisha likatamka: Nantende aliyatabiri haya, basi ni mchawi, ahame leo hii, na shamba aliache. Shamba lile lile alimozikwa mumewe!

Moyo ukampasuka Nantende, lakini uso ukatulia tuli. Akapiga magoti.

"Nimekubali, baba zangu. Ila niageni kwa heshima." Akamkabidhi Jumbe kibuyu cha maji ya bwawa. "Kama mchawi ni mimi, maji hayana kosa. Kunyweni, niende zangu."

Jumbe akanusa. "Mimi leo nimefunga," akasema, na paja la kuku mkononi. "Mpe Akida."

Sasa, huko Namikunda, mdogo hanywi kabla ya mkubwa. Akida akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi nimtangulie Jumbe? Adabu gani hiyo! Mpe mpiga ngoma."

"Mimi nimtangulie Akida? Mnataka nilaaniwe?" Mpiga ngoma akakirudisha kwa Akida, Akida kwa Jumbe, Jumbe kwa Akida. Kibuyu kikazunguka, kikazunguka, watu wakaanza kukipigia makofi.

Jasho likamtoka Jumbe. "We Nantende! Humu ndani umetia nini?"

"Amri yako, baba."

Kisha mtu mmoja akacheka, na kijiji kizima kikamfuata.

Jumbe akajikohoza, akatangaza kwamba baada ya uchunguzi wa kina, amri ile imeonekana ilitolewa na upepo. Mihogo irudi mashimoni, Nantende arudi shambani. Na harufu? Ilibaki pale pale. Baraza ndilo lililohama.

Basi, wajukuu, mkubwa akikupangia maji, mwombe kwa adabu aonje kwanza.

Kisa nimekitua hapo chini. Mwenye nguvu akibebe.