Asali ya Mlevya

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Anayetaka kucheka na akachekee nje, maana ya leo ina zimwi.

Hapo kale, juu milimani kwenye ukungu na baridi, palikuwa na kijiji. Juu ya kijiji kulikuwa na msitu wa miti yenye maua mekundu na majani manene kama ngozi. Watu waliuita mti huo mlevya, kwa sababu asali ya maua yake humlevya mtu. Ukilamba ncha ya kidole, ni dawa ya kifua. Ukila kiganja kizima, utalala chini siku mbili.

Basi alikuwako mama mmoja mrina asali, jina lake Nakijwa. Mumewe alikuwa amekufa, akabaki na binti yake mmoja tu, Nanzia.

Siku moja mtoto wa Kajiru, mkubwa wa kijiji, akaiba asali ya mlevya, akala kiganja kizima. Akaanguka, akatapika, akalala siku mbili. Kajiru akachukua shoka.

"Mti wa kulevya watoto una faida gani? Ukatwe!"

"Baba Kajiru, mti hauna kosa," Nakijwa akasema. "Mizizi yake ndiyo inayotushikia maji. Kosa ni la mkono uliozidisha."

"Nyamaza! Wewe unatetea mizinga yako tu."

Wakakata, wakakata, wakakata. Ukabaki mlevya mmoja tu, ulioota ukingoni mwa korongo, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyethubutu kusimama na shoka. Mzinga uliotundikwa pale ulikuwa wa Nakijwa. Yeye alikuwa akijifunga kamba kiunoni na kushuka.

Haukupita mwaka, chemchemi ya kijiji ikakauka. Wasichana wakawa wanapanda kuchota maji juu kabisa, karibu na pango. Na pangoni, wajukuu zangu, ndimo lilimokuwa zimwi.

Siku moja asubuhi wasichana wakarudi mbio, bila mitungi, bila Nanzia.

"Mama Nanzia! Mama Nanzia! Zimwi limemkamata! Linasema litamla jua likifika utosini!"

Wanaume wakachukua mikuki, wakapanda. Zimwi likanguruma mara moja tu. Walishuka mbio kuliko walivyopanda, na Kajiru alikuwa mbele. Ndiyo, mbele!

Nakijwa hakuwangoja. Akajifunga kamba, akashuka korongoni, akarina, akajaza kibuyu, akapanda pangoni. 

Alikuta zimwi limekaa mlangoni, limemkanyaga Nanzia kwa mguu mmoja.

"Nani wewe?"

"Mimi mama yake. Nimekuletea asali ya kuteremshia nyama."

"Onja kwanza!"

Nakijwa akatia kiganja, akala. Ulimi ukafa ganzi.

"Onja tena!"

Akala. Pango likaanza kumzunguka.

"Onja tena!"

Akala cha tatu. Zimwi likamkodolea macho.

"Mama, mbona unayumba?"

"Nayumba kwa baridi."

"Mama, mbona unatoka jasho?"

"Natoka jasho kwa kukuogopa."

"Mama, mbona unalia?"

"Namlilia mwanangu. Kwani wewe hukuzaliwa?"

Zimwi likacheka mpaka mawe yakaporomoka. Likanyakua kibuyu, likanywa yote, likakivunja, likalamba vipande. "Tamu!" likasema. Jua lilikuwa karibu kufika utosini. Nakijwa akajing'ata mdomo asianguke, kwa sababu akianguka yeye kwanza, zimwi litajua, na Nanzia hana wa kumwokoa.

"Sasa nyama!" likasema zimwi.

Likamshika Nanzia mkono, likamwinua. Hatua ya kwanza likapepesuka. Hatua ya pili likapiga goti. Hatua ya tatu likaanguka kifudifudi, puu! Lakini mkono wa Nanzia ulikuwa bado umebanwa kwenye kucha zake.

"Vuta!" Nakijwa akasema. "Vuta mwanangu, halijafa, limelewa tu!"

Nanzia akavuta. Ngozi ikabaki kuchani, mkono ukatoka. Mama yake naye akawa ameanguka. Nanzia akambeba mgongoni, akashuka naye akipiga yowe. Safari hii wanaume walipanda wakiwa na mashoka, na zimwi halikuamka tena.

Siku ya kwanza Nakijwa alilala kama maiti. Siku ya pili alifungua macho, lakini hakumjua hata Nanzia. Jamani, mtoto alilia! Siku ya tatu akauliza, "Mkono wako unauma?" Nanzia akamkumbatia, akalia zaidi.

Kajiru alikuwa amekaa mlangoni kwa Nakijwa siku zote tatu. Akaazima kamba ya Nakijwa, akashuka korongoni kwa woga wake wote, akachuma mbegu. Akazipanda pale pale alipokata.

Sasa mlevya, wajukuu zangu, huchelewa sana kuchanua. Kajiru alipalilia, akapalilia, akapalilia, akazeeka, akafa hajaona hata ua moja. Aliyeyaona ni Nanzia, naye alikuwa bibi kizee.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye ndefu kuliko hii na aivute. Na funzo lake ni hili: mti usioujua faida yake, uliza kwanza, shoka baadaye.