Nguchiro, Chatu na Kupe wa Nyuma ya Sikio

Naanza, wasikilizaji?

Anza, tumeshakaa.

Nikifika penye kutisha, msinikimbie.

Anza tu, hatuna pa kukimbilia.

Basi. Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kupe. Saa sita mchana, Mize, mke wa Nguchiro, alikuwa amesimama juu ya shingo ya Mama Ngiri, akichokoa nyuma ya sikio la kushoto. Akamwona kupe mmoja, mwembamba, mdogo kama punje ya ulezi. Hakumtoa. Akamwita mumewe.

"Baba Watoto, huyu bado hajanona. Namwacha. Siku ya nne ni wako."

"Mbona kila mara unaniachia?"

"Kwa sababu wale walionona tayari nimeshawala mimi."

Mama Ngiri akafungua jicho moja. "Mnagawana vizuri sana. Na sikio ni la nani?"

Mize akacheka. Akashuka, akavuka nyasi, akaingia kwenye kichuguu chao kwa mlango wa mashariki, kuwaangalia watoto wao wanne. Cha mwisho kuonekana kilikuwa ncha ya mkia wake.

Hapo nasimama kidogo, niwaeleze kampuni yao, maana najua nyinyi mliokaa hapo mbele mnataka kuanzisha zenu.

Hawakuanza na jina. Hawakuanza na nembo. Walianza na muwasho. Mize alimkuta Mama Ngiri akijisugua kwenye gogo la zamani, krau, krau, krau, mpaka ngozi ikachubuka. Mwingine angemtafutia gogo kubwa zaidi. Mize aliuliza, "Dada, nini kinakuwasha?" Kisha akanyamaza, akasikiliza jibu lote mpaka mwisho. Halafu akamgusa mguu wa mbele, ta, ta, na Mama Ngiri akalala ubavu.

Ngiri halali mbele ya mnyama mwenye meno. Hata shimoni huingia kinyumenyume, ili meno yake yabaki yakitazama mlangoni. Lakini mbele ya Mize alilala. Kampuni yote ilisimama juu ya kule kulala kwake. Ujira wao ulikuwa kupe wenyewe, ukiliwa papo hapo.

Mwezi wa kwanza walikuwa na mteja mmoja. Mwezi wa pili walikuwa na mteja huyohuyo, ila sasa alikuwa ameacha kwenda kwenye gogo. Mwezi wa tatu akawaleta dada zake, bila kuombwa. Wakumbukeni hao dada. Sasa turudi kwenye kichuguu. Mnataka?

Hatutaki, lakini turudi.

Jua likainama, na Mize hakutoka. Nguchiro akaenda mlango wa mashariki, akaita. Kimya. Akaenda mlango wa kusini, akaita. Kimya. Akaenda mlango wa mtoni, akaita. Kimya, na ubaridi wa udongo puani. Akaenda mlango wa nne, na kabla hajaita, kitu kikateleza ndani, shwaaa, taratibu, kama mtu anayevuta kamba ndefu isiyoisha.

Kichwa cha Chatu kikatoka. Nyuma ya shingo yake palikuwa na uvimbe. Nguchiro aliutazama uvimbe ule mara moja. Aliujua ukubwa wake.

"Pole, bwana mdogo," alisema Chatu. "Nimesikia kampuni yenu ina pengo. Nafasi ya mshirika iko wazi."

"Iko wazi tangu lini?"

"Tangu saa sita na robo."

Miguu ya Nguchiro ilitaka kukimbia, yeye akaikatalia.

"Nimewatazama muda mrefu," Chatu aliendelea. "Mnawalaza ngiri. Mimi na urefu wangu wote, sijawahi kumwona ngiri akijilaza mwenyewe. Kazi nzuri, lakini mnaifanya kidogokidogo. Mimi naleta mtaji: nguvu na ulinzi. Wewe unaleta wateja. Wote, mahali pamoja, siku moja. Siku ya tatu, hapa mlangoni."

"Na watoto wangu?"

"Hawajambo. Nimelala mlangoni mwa chumba chao, hawawezi kupotea. Waite dhamana."

Sikilizeni, wenye kuanzisha kampuni. Akija mwenye mtaji, msimuulize ana nguvu kiasi gani. Muulizeni alikula nini mara ya mwisho.

Tutamuuliza.

Hamtamuuliza. Mtakuwa mmefurahi mno. Tuendelee.

Nguchiro akakusanya mbawakavu, akawadondoshea watoto kwenye tundu la hewa juu ya kichuguu. Akasikia sauti nne zikitafuna. Akazihesabu mara mbili. Kisha akaenda kwa Mama Ngiri, akamweleza yote bila kupunguza.

Mama Ngiri akasema, "Mize angefanyaje, shemeji?"

"Angeuliza kwanza nini kinamwasha."

"Chatu?"

"Hata Chatu."

Asubuhi yake, siku ya kwanza ya zile tatu, Nguchiro akarudi mlangoni, akakaa hatua sita kutoka kwenye ulimi wa Chatu. "Mshirika," akasema, "katika kazi yako, ni kitu gani kinachokuchosha kuliko vyote?"

Chatu hakuwa ameulizwa hivyo tangu atoke kwenye yai. Akaegemeza kidevu chake mchangani.

"Kuzunguka," akasema. "Kabla sijameza kitu kikubwa, sharti nizunguke kukagua kama kuna siafu. Nikishashiba siwezi kusogea. Hata shingo haigeuki. Siafu wakinikuta katika hali ile, wanaanzia machoni, na mimi sina kope za kufumba. Kwa hiyo nazunguka, nazunguka. Umri huu, bwana mdogo, tumbo linakwaruzika."

"Na hakuna wa kukusaidia?"

"Nani? Kila ninayemkaribia anaondoka."

"Kukagua ni kazi ya mdogo," alisema Nguchiro. "Mkubwa apewe ripoti tu."

Chatu akamtazama kwa lile jicho lisilofumbwa. "Zunguka. Nikuone."

Nguchiro akazunguka, tiki tiki tiki, akarudi. "Mashariki hakuna siafu. Kusini hakuna. Upande wa mtoni wapo, mstari mwembamba, hatua mia mbili, wanaelekea kwenye mgunga."

Chatu akatoa nusu ya mwili, mkia akaubakiza kule kwa watoto. Akapanda juu ya kichuguu, akachezesha ulimi. Ilikuwa kweli.

Siku ya pili Nguchiro akazunguka, tiki tiki tiki, akarudi. "Mashariki hakuna. Kusini hakuna. Upande wa mtoni wapo, hatua mia moja na themanini, mstari umenenepa kidogo."

Chatu akatoa nusu ya mwili, mkia akaubakiza. Ilikuwa kweli.

"Unafaa," akasema. "Mkeo alikuwa na haraka. Wewe una utulivu."

Nguchiro akajibu, "Ahsante."

Mchana huo akawa na Mama Ngiri na dada zake penye matope. Walilivingirisha lile gogo la zamani, ambalo kwa miaka ukoo wao wote ulijisugulia. Wakalipaka matope, wakalibandika manyoya yao. Chatu haoni vizuri, hunusa kwa ulimi, na hapakuwa na kitu duniani kilichonuka ngiri kuliko gogo lile.

"Ila gogo halipumui," alisema Nguchiro. "Anapaswa kusikia pumzi na joto karibu nalo."

"Kwa hiyo unataka nilale mbele ya chatu," alisema Mama Ngiri.

"Nyuma ya gogo."

"Karibu kiasi gani?"

"Hatua tatu."

"Akilikosa gogo?"

"Sina jibu la hilo."

Mama Ngiri akapumua kwa nguvu. "Mize angenidanganya kidogo, shemeji."

"Najua."

"Na sikio hili linaniwasha. Yule kupe wenu."

"Kesho usilitikise."

Siku ya tatu, kabla ya saa sita, gogo lilikuwa limelala mbele ya kichuguu kama ngiri aliyelala ubavu. Hatua tatu nyuma yake alilala Mama Ngiri. Mbali zaidi walilala dada zake, na nyasi walizolalia zilitetemeka ingawa hapakuwa na upepo.

Nguchiro akazunguka mara ya tatu, tiki tiki tiki. Safari hii, tangu kwenye mstari wa siafu mpaka kwenye kichuguu, aliacha mbawakavu mmoja kila hatua kumi. Siafu wa kwanza alimpata mbawakavu wa kwanza. Akawaita wenzake. Nguchiro akarudi mlangoni.

"Mashariki hakuna," akasema. "Kusini hakuna. Upande wa mtoni wamehama."

Chatu hakupanda juu ya kichuguu. Alitoka. Shwaaa, kichwa. Shwaaa, kifua. Shwaaa, tumbo lote, na mwisho mkia. Ulimi wake ukapita juu ya gogo. Ukapita juu ya hewa ya hatua tatu. Ukasimama hapo, ukielekea kwa Mama Ngiri.

Nyuma ya sikio la kushoto, kupe aliuma. Mama Ngiri alibana taya. Sikio halikutikisika.

Chatu akachagua aliye karibu. Akalizungushia gogo mwili wake, mara moja, mara mbili, mara tatu, akabana, krrrr. Gogo halikupumua.

"Amekufa haraka huyu," alisema kwa kuridhika, akapanua taya, akaanza kumeza.

Nguchiro alikuwa ameshaingia kichuguuni. Akatoka na mtoto wa kwanza kinywani, akamweka kati ya miguu ya Mama Ngiri. Akarudi, akatoka na wa pili. Akarudi, akatoka na wa tatu. Chini ya nyasi sasa kulisikika, srrrr, sauti ya mvua ndogo inayotembea. Akarudi kwa wa nne, binti mdogo kuliko wote, aliyejificha kwenye kona na hakutaka kutoka mpaka aje mama. Nguchiro hakuwa na nafasi ya kumweleza. Akamshika shingoni, akatoka, na siafu wawili walikuwa tayari kwenye mkia wake.

Gogo lilikuwa nusu ndani. Meno ya Chatu yameinamia nyuma, kilichoingia hakitoki. Hakuweza kumeza, hakuweza kutapika, hakuweza kugeuka. Jicho lake lilikuwa wazi. Srrrr.

Nguchiro alisimama mbele ya jicho lile.

"Mshirika," akasema, "ripoti ya leo ina kosa."

Kisha akaondoka na wanawe. Hakubaki kutazama.

Na Mize? Hakutolewa tumboni?

Katika ngano nyingine hutolewa, tena akiwa mzima, akaulizia chakula. Katika hii hakutolewa.

Haya, fundisho. Mwenye kuanzisha kampuni, mpokee mshirika mwenye nguvu, maana atakupunguzia upweke. Mpe ripoti za kweli, angalau mbili. Usipoteze muda kuwauliza watu nini kinawawasha. Magogo yaliyopitwa na wakati yatupe mbali. Na zaidi ya yote, kazi ya leo imalize leo, usimwachie mtu kitu cha kesho. Hapo ndipo nilipofika, na mkeka wangu naukunja.

Usiukunje. Kupe je?

Kupe gani?

Wa nyuma ya sikio. Mize alisema siku ya nne.

Basi. Asubuhi yake Nguchiro aliwaamsha watoto, wakaenda wote watano kwa Mama Ngiri. Akamgusa mguu wa mbele, ta, ta. Mama Ngiri alimtazama kwa muda, halafu akalala ubavu. Nguchiro akapanda shingoni, akafika sikio la kushoto. Kupe alikuwa amenona, kama Mize alivyosema. Akamtoa polepole, kichwa kisibaki ndani, akamla.

Kisha akahamia sikio la kulia, yule binti mdogo akimfuata nyuma. Hapo palikuwa na kupe mwingine, mwembamba, kama punje ya ulezi. Nguchiro alimwangalia yule kupe, kisha binti yake, akashuka.

"Shemeji," alisema Mama Ngiri, "umesahau mmoja."

"Sijasahau," alisema Nguchiro.