Bustani Iliyofanywa Zulia

Mtu mmoja alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake, na bustani hiyo aliirithi kwa mama yake. Aliitwa Salmin bin Hafidh, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji mmoja wa kisiwani, miaka mingi kabla ya babu zetu kuzaliwa. Mama yake alikuwa mtu wa maua asiyejua kukataa mche. Aliyemletea alimpokea, na alichopokea alikipanda palipo na nafasi. Pasipo na nafasi alikipanda vilevile. Alipofariki aliacha kichaka kinachonukia, ambamo mwaridi uliuparamia mkomamanga na mwasmini ukailalia yote miwili, hata mtu akichuma ua hakujua amelichuma kwa nani.

Aliacha pia mtunza bustani, Faki Usi. Faki alikuwa amefanya kazi kwa yule bibi tangu hajaota ndevu, naye aliijua ile mimea mmoja mmoja kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake: huu unapenda maji ya asubuhi, huu ukinyweshwa sana unanuna, huu ni mvivu lakini ukianza kuchanua haukomi. Hakujua kusoma, na nje ya mambo ya udongo hakuwa msemaji.

Mwaka mmoja Bwana Salmin alisafiri kwa biashara mpaka nchi za mbali, na huko akaalikwa katika nyumba ya tajiri mmoja. Alipandishwa ghorofani, akatazama chini kutoka dirishani, akaona bustani ya mtindo uliokuwa ukisifiwa siku zile. Maua maelfu yamekazwa pamoja kama nyuzi katika zulia, yote kimo kimoja. Mekundu yamefanya nyota, ya manjano yamefanya duara, na majani yamekuwa pindo. Hakuna ua lililojitokeza, wala lililohitaji kujulikana jina. Bwana Salmin alisimama pale hata chai yake ikapoa. Aliporudi kwao alikuwa na karatasi yenye mchoro. Akamwita Faki, akamwonyesha.

"Nataka kama hivi," alisema. "Na mmea wowote usizidi goti langu."

Faki aliutazama ule mchoro. Alikuwa na neno la kusema, akaliona ni refu, na Bwana ana haraka. Akasema, "Inshallah, Bwana."

Basi akaigeuza ile bustani kuwa zulia. Mimea iliyoweza kuhamishwa aliihamisha, akaipanda bega kwa bega. Iliyosimama mirefu aliikata mpaka gotini. Mkilua, ambao ua lake dogo hunukisha nyumba nzima, akaufanya pindo. Mwaridi ukawa ncha ya nyota. Kila siku alizunguka na mkasi, na kila kilichoinua kichwa alikiondoa kabla ya adhuhuri. Kazi ilikuwa safi. Wageni wa Bwana Salmin walipandishwa juu, wakafunguliwa madirisha, wakasema hawajaona kitu kama kile. Kweli, kutoka juu kilipendeza. Lakini hakuna aliyeshuka, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kupita, na chini hapakuwa na kitu cha kushukia.

Ikapita miaka sita. Jioni moja Bi Mize, mkewe Faki, alimpokea mumewe mlangoni, akamshika mikono akainusa kama alivyokuwa akifanya tangu walipooana. "Zamani nilikuwa najua leo umeshika nini," alimwambia. "Siku hizi unanuka chuma tu." Alisema kwa utani, lakini Faki hakucheka. Siku ile alikula kidogo.

Mwaka wa saba Bwana Salmin alimwoza binti yake mkubwa, Nunuu. Kwa watu wa pale, bibi harusi hatoki pasipo kikuba, yale maua yanukiayo yafungwayo pamoja na kubandikwa kifuani. Na shughuli kama ile hutaka vikuba vya wanawake wote, na makoja ya kuvaa shingoni, na maua ya kutandaza kitandani. Siku mbili kabla ya harusi, Bi Zamzam, mama wa bibi harusi, alimpelekea Faki masinia matatu. Hakuona haja ya kuagiza mahali pengine. Nyumba yenye bustani inayosifiwa mji mzima itaomba maua kwa nani?

Faki alichuma tangu alfajiri. Aliingia katikati ya nyota kwa magoti, akatafuta chini ya majani, akarudi tena alikokwisha pita. Mwasmini ulikuwa na vitumba vinne. Mwaridi ulikuwa na maua, lakini madogo kama vifungo, na yakinuswa hayajibu. Mkilua haukuwa na hata ua moja. Jua lilipopanda alikuwa hajaufunika utupu wa sinia la kwanza.

Bi Zamzam alilitazama lile sinia, kisha akampelekea mumewe. Bwana Salmin aliona haya, na haya ya mkubwa hutafuta mahali pa kuangukia. Alishuka mpaka kizingiti cha bustani, akasema mimea ile imezeeka, ni migonjwa, labda udongo umeharibika. Harusi ikiisha yote ing'olewe, ichomwe moto, naye ataagiza miche mipya ng'ambo.

Faki aliitikia kwa kichwa. Akachukua kikapu, akatoka.

Hakwenda mbali. Alikwenda mtaani kwao, nyuma ya visima, kwenye nyumba za makuti, akamweleza mkewe yaliyotokea. Bi Mize alijifunga kanga, akasema, "Basi tuombe." Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na huko, ambako hakuna mwenye bustani, karibu kila ua ulikuwa na mmea mmoja. Huyu ana mrihani mlangoni, yule ana mwasmini uliopanda juu ya paa la jiko, mwingine mwaridi mmoja ndani ya mtungi uliovunjika. Kila mmoja alitoa. Hakuna aliyetoa kingi, lakini kikapu kilijaa, kikatafutwa cha pili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Mwache. Nyuma ya nyumba yake, pale yanapomwagika maji ya kuogea, palisimama mkilua. Ulikuwa umepita paa. Ulikuwa umejitanua pande zote pasipo wa kuuzuia, na maua yake yaliyojificha chini ya majani yalikuwa mengi hata hewa ya pale ilikuwa nzito na tamu, kama ya chumba cha harusi. Faki alisimama akaushika shina. Aliujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta, zamani, siku marehemu bibi alipopata miche miwili iliyoota kutoka tunda moja. Mmoja akaubakiza kwake, mwingine akampa Bi Mwache kwa sababu alikuwa amefiwa.

Faki alikaa chini. Bi Mize alidhani mumewe amechoka, akamtafutia maji. Faki akayanywa, akanyanyuka, akaenda zake kwa Bwana Salmin huku mchanga wa ua ule ukiwa bado kwenye kanzu yake.

Alimkuta barazani na wageni. Hakungoja waondoke. Akasema, "Bwana, nakuomba unifuate, si mbali." Wageni walitazamana, maana Faki hawakuwahi kumsikia sauti. Bwana Salmin akamfuata, nusu kwa ghadhabu na nusu kwa mshangao, wakapita visima, wakapinda nyuma ya nyumba ya mjane. Huko akasita. Harufu ilimfikia kabla hajauona mti. Ilikuwa harufu ya mama yake alipokuwa akimfunga kilemba siku za Idi.

"Mti gani huu?" akauliza.

"Ni mkilua, Bwana. Ndugu wa ule wa pindo, tunda moja. Udongo wao mmoja, mvua yao moja. Ule wako si mgonjwa. Ule haujapata hata siku moja kuwa mkilua, kwa sababu mimi nimeukata kila siku kwa miaka sita, nami nilikuwa nikijua ninachokifanya."

Bi Mwache, aliyekuwa akiosha vyombo, alisimamisha mikono ndani ya maji. Bwana Salmin aliutazama ule mti kuanzia chini mpaka juu, na ilimlazimu ainue uso. Kisha akafanya jambo ambalo Faki hakulitazamia. Akacheka. Alicheka polepole, halafu kwa sauti, kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kumbe ameivaa.

"Faki," alisema alipotulia, "mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, Bwana."

"Nami nilikuwa dirishani," akasema Bwana Salmin. Akamwomba Bi Mwache maua, yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, na akamwalika harusini akae karibu na mama wa bibi harusi. Siku ya harusi Nunuu alitoka na kikuba kilichochangwa na mtaa mzima, na waliomsogelea walifumba macho.

Masika yalipoanza, hakikung'olewa kitu cha kuchomwa. Bwana Salmin na Faki walikifumua kile kitambaa cha mimea pamoja, Bwana akiwa amekunja kanzu. Faki aliupa kila mmea mahali pake, juu ya kilima kidogo cha udongo mwema, pasiwe na wa kuuegemea wala wa kuuzibia jua, na mtu aweze kuuzunguka akauona mbele na nyuma. Iliyozidi haikutupwa. Watu wa nyuma ya visima waliitwa, wakaja na vikapu na mitungi na masufuria mabovu, wakaichukua kwa vicheko na mabishano, na njia nzima ikawa ya kijani kwa watu waliobeba miche vichwani.

Mwaka wa kwanza bustani ilichekesha. Kulikuwa na vijiti vimesimama mbalimbali na ardhi tupu katikati. Wageni walipanda ghorofani, wakatazama, wakazungumza habari za hali ya hewa. Bwana Salmin naye imani ilimpungua, akashuka akauliza kwa nini pengo liwe kubwa namna ile.

Faki akasema, "Hilo si pengo, Bwana. Hicho ni kivuli chake cha mwaka wa tatu. Hakijafika tu." Siku hizo alikuwa amekuwa msemaji.

Kikafika. Mkomamanga ulijinyoosha ukatoa maua mekundu kama vishada vya kofia. Mwaridi ulifanya maua ya kujaza kiganja. Mwasmini, uliopewa ukingo wa kupanda, ulimwaga maua chini kila alfajiri hata watoto wakawa wanakuja kuyaokota kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Mkilua ulichelewa, ukaendelea kuchelewa, kisha ukaanza, na watu wa ghorofani wakaulizana ni nani amefukiza udi.

Tena palikuwa na kichaka kimoja ambacho Faki mwenyewe hakukijua. Kilikuwa kimekatwa kikiwa kichanga na kukazwa ndani ya duara, naye miaka yote alikidhani ni gugu tu la kujazia nafasi. Alikipa kilima kama vingine, kwa kukionea huruma tu, akakiweka pembeni. Kikapita kiuno chake, kikampita kichwa, kikaupita ukuta. Mwaka wa nne kikaning'iniza maua marefu ya manjano, na kumbe ulikuwa mlangilangi, labda zawadi ya mtu aliyesahauliwa na kila mmoja. Siku ile Faki alimwita Bwana, akamwita Bi Zamzam, akatuma watu kwa Bi Mize na Bi Mwache, wote wakasimama chini yake vichwa juu. Faki alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. "Nilikuwa nikikukanyaga," aliuambia ule mti. "Nilikuwa nikikukanyaga, nawe ni wewe."

Baadaye akapita mgeni kutoka nchi zile za mbali, akasema hata kwao wako wanaopanda hivi, kila mti peke yake uonekane ulivyo, na kwamba wao na wapanda mazulia hawaelewani mpaka leo. Bwana Salmin hakuingia katika ugomvi huo. Alimshika mgeni mkono, akamshusha ngazi, akamtembeza chini ya ile miti, akimtajia kila mmoja kwa jina lake. Walitembea mpaka adhana ya alasiri, na mgeni hakuomba kupelekwa dirishani.

Ndugu zangu, mwenye masikio amesikia. Sasa kila mmoja na arudi kwake, awatazame wale aliopewa kuwalea, mke, mwana, mwanafunzi, mfanyakazi, kisha ajiulize: ni nani kati yao ambaye sijapata kumwona kwa urefu wake?