Jiwe la Biyang

Zamani Wahispania walipotawala Ufilipino, Don Eulogio alijenga nyumba: chini mawe, juu mbao, na madirishani magamba ya chaza badala ya vioo. Watu wa huko walihesabu vidato vya ngazi hivi: dhahabu, fedha, kifo, kisha upya, dhahabu, fedha, kifo. Fundi alipomaliza, kidato cha juu kabisa kiliangukia kifo. Hakuna aliyethubutu kupanda. Basi likachukuliwa jiwe la kufulia la Biyang, mfuaji wa nguo, likawekwa chini kabisa liwe kidato cha kwanza. Hesabu ikaishia dhahabu. Biyang hakuulizwa. Alikwenda kufulia mtoni.

Miaka mia moja na hamsini ikapita, nyumba ikawa ya Bibi Remedios. Alipolazwa hospitali, mjukuu wake Anselmo aliitengeneza ili itambuliwe kuwa ya kihistoria. Akatundika ubao wenye majina ya mababu sita, wote watukufu, hata yule ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Jiwe lile, lililolika katikati kama bakuli, aliliona linaharibu sura ya ngazi. Akalitupa nje.

Bibi akarudishwa afie kwake. Mwenyewe hakulificha hilo. Alisimama mbele ya ngazi, akahesabu kwa kidole, akaomba kiti. Akasema hapandi. Anselmo, aliyesoma sana, alimweleza kuwa hayo ni mambo ya kale. Bibi akamjibu kwamba hata yeye ni wa kale, aletewe jiwe.

Anselmo alilikuta uani kwa Luming, kilembwe wa Biyang. Luming alikuwa ameliokota, anafulia juu yake nguo za wanawe. Kwao habari ya jiwe haikusahauliwa. Anselmo aliliomba huku akiangalia chini. Luming alimtazama, kisha akaitazama nyumba.

“Jumba lote lile, kaka, na bado halipandiki bila jiwe la kufulia la kwetu?”

Hata hivyo alisuuza povu mikononi, akashika upande mmoja. Wakalibeba wawili, wakihema.

Bibi alipoweka mguu juu yake, hakuendelea. Alimshika Luming mkono, akamuuliza jina la mwenye jiwe. Alikuwa amelikanyaga jiwe miaka tisini bila kulijua jina hilo. Luming akamwambia. Bibi akalitamka mara mbili, polepole, ndipo akapanda.

Nawe, Anselmo, ubaoni kwako umeandika majina sita. La saba unalijua?